Asiyeulizwa Asipakwe Nta Usoni

Msimu wa harusi umewadia tena katika visiwa vyetu. Kama ilivyo ada ya miaka yote, miezi inayoutangulia mwezi mtukufu wa Ramadhani, pamoja na ile ya mfunguo inayoufuatia, ndiyo miezi ya kupeleka mahari, kushona nguo na kualikana. Ndiyo pia miezi ambayo milango ya saluni, mjini Unguja na katika miji ya Pemba, haifungwi mapema, na wasichana wetu hukaa foleni hadi usiku wakingojea kutengenezwa nyuso.

Leo tunakusudia kuzungumzia jambo moja linalofanyika ndani ya saluni hizo, nalo ni kung'oa nywele za usoni kwa nta ya moto, ambayo wenyewe wenye kazi huiita waksi. Tunajua wako watakaoshangaa kuiona safu hii, iliyozoea kuzungumza habari za karafuu, mwani, skuli na barabara, ikishughulika na nyusi za wanawake. Jibu letu ni fupi. Ngozi ni kiungo cha mwili kama kilivyo figo au moyo. Kiungo cha mwananchi kinapoharibiwa kwa sababu tu hapana mtu aliyeuliza suali moja, hilo si jambo la faragha tena, bali ni jambo la afya ya umma.

Si muda mrefu uliopita tulialikwa katika harusi ya jamaa zetu, shamba, upande wa kusini wa Unguja. Bibi harusi, msichana wa miaka ishirini na miwili, alipelekwa mjini siku mbili kabla ya ndoa ili atolewe nywele za nyusi na za juu ya mdomo. Nta ilipakwa, kitambaa kikabandikwa, kikavutwa. Kilichotoka hakikuwa nywele peke yake. Juu ya mdomo na chini ya unyusi wa kulia ngozi ilibanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa, pakabaki pabichi panapochuruza maji. Siku ya harusi alikaa ameshusha mtandio hadi kidevuni, na wageni wakamsifu kwa haya yake. Mama yake, aliyekuwa amekaa pembeni, hakuinua macho.

Baada ya shughuli, wazee tulikaa na pande zote mbili ili kuepusha ugomvi. Fundi alieleza kwamba amekwisha kutengeneza nyuso nyingi kwa nta ile ile na halijapata kumtokea jambo kama hilo. Tuliamini kwamba anasema kweli. Tulipotaka kujua kama alimuuliza bibi harusi anapaka nini usoni, alijibu kwamba hakuuliza. Tukamgeukia bibi harusi. Ulipita muda, na machozi mengi, kabla hajasema kwamba kwa miezi mitatu alikuwa akipaka krimu ya kung'arisha ngozi, kwa siri, hata mama yake hajui, ili siku ya harusi aonekane mweupe. Kwa nini hakusema kule saluni? Alijibu kwamba hakuulizwa.

Mmoja hakuuliza, mwengine hakuulizwa. Ndani ya maneno hayo mawili ndimo lilimo tatizo lote tunalotaka kulieleza.

Ili tufahamiane vyema, hatuna budi kwanza kueleza kazi ya nta. Nta inaposhika unywele hushika na ngozi pia. Tabaka ya juu kabisa ya ngozi ya binadamu ni seli zilizokwisha kufa, zilizopangana mithili ya makuti ya paa, na kazi yake ni kuyazuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Kila kitambaa kinapovutwa huondoka na sehemu ya makuti hayo. Kwa mtu mwenye ngozi nzima hasara hiyo ni ndogo. Mahali palipovutwa huwasha na kuvimba kidogo kwenye vinyweleo, na baada ya saa chache, au siku moja au mbili, hali hurejea. Kwa hivyo hatusemi kwamba nta ni sumu. Tunasema kwamba nta inataka paa zima. Paa lililokwisha kuliwa na mchwa halivutwi.

Ni nani, basi, ambaye paa lake limeliwa? Wa mwanzo ni yule anayejichubua. Krimu za kujichubua, na ule mchanganyiko unaojulikana mitaani kwa jina la mkorogo, mara nyingi huwa na dawa za jamii ya steroidi kama vile klobetasoli na betamethasoni. Dawa hizo ni halali, na zina manufaa makubwa zinapoandikwa na daktari kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Lakini zinapopakwa usoni kila siku kwa miezi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu ikaonekana, na kidonda kikachelewa kupona. Krimu nyengine huwa na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu bila ya uangalizi huweza kuacha mabaka meusi yasiyoondoka kwa urahisi, yaani kinyume kabisa cha kile kilichotafutwa. Nyengine zina zebaki, ambayo hupenya ngozi na kudhuru figo.

Liko jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo tunaomba kila mzazi alizingatie. Krimu za steroidi zinapopakwa usoni kwa muda mrefu huweza kuotesha nywele pale pale zinapopakwa. Tazameni, basi, mzunguko ulivyo. Msichana hununua krimu ili awe mweupe. Krimu humwotesha nywele za mashavuni na juu ya mdomo. Nywele humpeleka kwenye nta. Nta nayo huikuta ngozi iliyokwisha kupunguzwa na krimu ile ile, ikaing'oa. Kisha, kwa kuona doa lililobaki, hurejea dukani kununua krimu nyengine ya kuondoa doa. Katika kila hatua ya mzunguko huu yuko mtu anayelipwa, na anayelipa ni msichana huyo huyo, kwa fedha zake na kwa uso wake.

Wa pili ni yule anayetumia dawa za chunusi. Dawa za kupaka za jamii ya retinoidi, kama vile tretinoini na adapalini, huifanya ngozi ya juu ijibandue kwa haraka kuliko kawaida, na kwa ajili hiyo mwenye kuzitumia asipakwe nta mahali hapo mpaka awe ameziacha kwa muda wa wiki moja hivi, au zaidi kama daktari wake atakavyomwelekeza. Dawa ya kumeza iitwayo isotretinoini ni jambo zito zaidi. Madaktari wa ngozi hushauri kwamba aliyeitumia asitiwe nta kabisa wakati wa tiba, na asitiwe mpaka ipite miezi 6 tangu alipomeza kidonge cha mwisho. Msichana aliyemaliza vidonge mwezi uliopita anaweza kuwa na uso laini wenye kupendeza, na fundi asiyeuliza hataona dalili yoyote ya hatari mpaka kitambaa kitakapokuwa mkononi mwake.

Wa tatu ni yule aliyeisugua ngozi yake kabla ya kuja. Siku hizi yako maji na mafuta ya kusafishia uso yenye asidi, kama vile glikoliki na salisiliki, ambayo kazi yake ndiyo hiyo ya kuondoa tabaka ya juu. Lakini hata sisi wenyewe tunayo singo yetu, ile ya maua na majani yenye harufu nzuri, anayosuguliwa bibi harusi kwa siku kadhaa. Singo ni mila nzuri, na hatuna neno nayo. Tunalosema ni kwamba kusugua na kuvuta visikutane. Aliyesuguliwa leo usoni asipakwe nta leo, na aliyepakwa nta leo asisuguliwe leo wala kesho.

Wa nne ni yule mwenye jeraha au ugonjwa wa ngozi ulio wazi kwa macho: vidonda, vipele vyenye usaha, ukurutu, ngozi iliyoungua jua, au malengelenge ya mdomo. Malengelenge hayo husababishwa na virusi vinavyojificha mwilini, na msukosuko wa nta juu ya mdomo huweza kuviamsha tena kwa mtu aliyewahi kuugua. Madoa yaliyoinuka na chunjua visivutwe kwa nta, na doa linalobadilika rangi au ukubwa lipelekwe kwa daktari, si saluni. Tena wako miongoni mwetu wengi ambao kovu lao halitulii, bali huvimba na kupanda juu ya ngozi. Mtu wa namna hiyo anajijua, na hana sababu ya kuhatarisha uso wake kwa ajili ya nywele kumi.

Wa tano ni yule ambaye hatari yake haionekani usoni kabisa. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa huchelewa kupona na huambukizwa kwa wepesi. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande huvilia damu chini ya ngozi kwa msukosuko mdogo. Hawa wote wanastahiki kumuuliza daktari wao kwanza. Halikadhalika mwanamke anayeona nywele nene zimeanza kumwota kidevuni kwa ghafla, khususan kama siku zake nazo zimevurugika, aende hospitali kabla ya kwenda saluni, kwa kuwa huenda mwili wake unamwambia jambo kuhusu homoni ambalo nta itaweza kulificha tu, haitaweza kulitibu.

Tumekwisha kuitazama ngozi. Sasa tuutazame mkono wa fundi. Nta iliyo moto kupita kiasi ni moto kama moto mwengine wowote. Joto la digrii 60 huweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde 5 tu, na nta hukaa na joto lake kwa kuwa inanata, haitiririki kama maji. Fundi mwenye kuijua kazi yake huijaribu nta juu ya mkono wake mwenyewe kabla ya kuipeleka katika uso wa mwenziwe. Asiyekubali kuijaribu juu ya ngozi yake hana haki ya kuipaka juu ya ngozi ya mtu mwengine.

Jengine ni usafi. Kijiti kilichogusa uso wa mtu kisirejeshwe ndani ya chombo cha nta kwa ajili ya mtu wa pili, wala hata kwa ajili ya yule yule. Wako wanaodai kwamba joto la nta huua kila kijidudu. Dai hilo halina msingi, maana joto linalovumilika na ngozi ya binadamu halitoshi kusafisha chombo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu, kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha kuvibeba. Kwa hivyo kijiti kitumiwe mara moja na kutupwa, vikoleo visafishwe kwa dawa ifaayo baada ya kila mteja, na kitambaa cha mmoja kisiwe kitambaa cha wote.

Kadhalika tungependa kuwanasihi mama na masomo wa mabibi harusi juu ya suala la wakati. Mtu ambaye hajawahi kutiwa nta asitiwe kwa mara ya kwanza katika wiki ya harusi yake. Na ajaribiwe wiki kadhaa kabla, kwa kupakwa kidogo pembeni ya taya, kisha asubiri kwa uchache siku nzima aone ngozi inasemaje. Haraka haraka haina baraka, na kama haraka ina mahali ambapo haina baraka zaidi, basi ni katika uso wa bibi harusi. Baada ya nta uso uepushwe na jua kali, mafuta ya manukato na piko. Dawa nyeusi za nywele zinazotiwa katika piko zimekwisha kuwaunguza watu hata juu ya ngozi nzima, seuze ngozi iliyovuliwa makuti yake.

Na likitokea la kutokea, ngozi ikabanduka, kazi isimame hapo hapo. Fundi asiendelee upande wa pili eti ili nyusi zilingane. Mahali hapo paoshwe taratibu kwa maji safi, papakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, na pakingwe na jua. Dawa ya meno, majivu na unga havina kazi hapo. Kukiwa na usaha, uvimbe unaosambaa au homa, na khasa kama ni karibu na jicho au pua, mtu aende hospitali siku ile ile. Na anayetaka kuacha krimu ya steroidi aliyoipaka kwa muda mrefu amwone daktari kwanza, kwa sababu ikikatwa kwa ghafla uso huweza kuwaka na kutoka vipele vibaya zaidi, jambo ambalo huwarejesha wengi katika krimu ile ile.

Pengine msomaji atauliza: basi tuache kila kitu? Hatukusema hivyo. Kwa yule ambaye nta haimfai, uko uzi, unaoushika unywele bila ya kuigandia ngozi, ingawa nao hauna nafasi juu ya ngozi yenye vidonda. Uko mkasi mdogo. Uko hata wembe mpya wa mtu peke yake. Ile imani kwamba wembe hunenepesha nywele si ya kweli. Unywele uliokatwa huota na ncha butu, ukaonekana mnene, lakini shina lake ni lile lile. Ama sukari iliyochemshwa kwa ndimu, wengi huidhani haina madhara kwa sababu ni chakula. Nayo huvuta, nayo huunguza, na aliyekatazwa nta asiifanye sukari kuwa mlango wa nyuma.

Wako pia maulamaa wetu ambao huanza na suala jengine, la uhalali wa kupunguza nyusi zenyewe. Suala hilo lina wenyewe na vikao vyake, na safu hii haitalitolea hukumu. Lakini sote tuliopita chuoni tulifundishwa kanuni moja ambayo haina mgogoro, kwamba haifai mtu kujidhuru wala kumdhuru mwenziwe. Kanuni hiyo inamfunga mwenye saluni kama inavyomfunga mteja wake.

Sasa tuje kwa mafundi. Hatupendi makala haya yasomwe kama ni shutuma juu ya vijana hawa wa kike, ambao wengi wao wamejitafutia riziki ya halali kwa mikono yao bila ya kungoja ajira ya Serikali. Tunajua kwamba wengine hulipwa kwa idadi ya vichwa, na kila mteja anayerejeshwa ni fedha zilizotoka mfukoni mwao. Msichana anayelipwa hivyo anaombwa na mwajiri wake, pasi na kutamkiwa, asiulize sana. Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Ndiyo maana tunawaambia wenye saluni kwamba fundi aliyemkatalia mteja kwa sababu ya usalama wake amefanya kazi na anastahiki kulipwa, na mteja aliyekataliwa leo akaeleweshwa kwa heshima atarudi na dada zake kesho. Mteja aliyebanduliwa ngozi harudi, wala hanyamazi.

Kwa upande wa wateja, wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeona haya kusema kwamba anatumia mkorogo ajue kwamba kitambaa cha nta hakina haya. Kitamfichulia siri yake mbele ya watu wote. Lakini tuwe waadilifu. Haya hiyo haikuzuka yenyewe. Msichana hupaka krimu kwa siri kwa sababu jamii imemwambia mambo mawili yanayopingana: kwamba mweusi hapendezi, na kwamba anayejichubua ni wa kuchekwa. La kwanza ni kasumba tuliyoirithi katika zama za kutawaliwa, wakati watu walipopangwa madaraja kwa rangi zao. Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliivunja ngazi hiyo katika sheria na katika umiliki wa nchi. Ni aibu kubwa iwapo tumeiacha imesimama katika vioo vya vyumba vyetu vya kulala. Bwana harusi anayesifia weupe mbele ya mchumba wake, na mama mkwe anayeuliza rangi ya mtoto kabla ya kuuliza tabia yake, nao wamo katika mnyororo ule uliomfikisha msichana wetu kwenye kitambaa kile.

Tukija kwa wenye dhamana Serikalini, tunayo mambo manne ya kuwaomba, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, sheria zitekelezwe. Zanzibar inayo sheria yake ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2006, na unao Wakala wa Chakula na Dawa ulioundwa kuisimamia. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017. Mkataba huo ulikataza krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika sehemu milioni baada ya mwaka 2020, na mkutano wa wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023 uliamua kuviondoa vipodozi vyote vyenye kutiwa zebaki ifikapo mwaka 2025. Karatasi, basi, zipo. Kinachotakiwa ni macho madukani, na macho katika bandari bubu, ambako ndugu zetu wa Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo wanafahamu vyema kwamba magendo si sukari na karafuu peke yake.

Pili, krimu za steroidi zirejeshwe mahali pake, nazo ni mkononi mwa daktari na mfamasia. Haifai dawa inayohitaji maelekezo ya daktari iuzwe baina ya sabuni na vibiriti, na muuzaji awe ndiye mshauri.

Tatu, elimu. Popote pale ufundi wa urembo unapofundishwa katika visiwa hivi, iwe ni katika vituo vya mafunzo ya amali au kwa fundi mkubwa mtaani, somo la ngozi litangulie somo la nta. Jumuiya za wanawake, pamoja na masheha na wahudumu wa afya wa shehia, wanaweza kulifikisha jambo hili katika kila kijiji kwa gharama ya kikao kimoja cha alasiri.

Nne, na hili ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote, mabaraza ya manispaa na ya miji, yanapotoa leseni ya saluni, yaweke sharti la karatasi moja kubandikwa ukutani, kwa Kiswahili chepesi na kwa herufi kubwa, yenye masuali ya kumuuliza kila mteja kabla ya kupakwa nta usoni. Unapaka krimu gani, na tangu lini? Umetumia dawa za chunusi, za kupaka au za kumeza, katika miezi 6 iliyopita? Umesuguliwa au kuungua na jua wiki hii? Una kidonda, malengelenge, au kovu linalopanda? Una kisukari au unatumia dawa za damu? Umewahi kupakwa nta, na ngozi ilikuwaje? Masuali sita yasiyozidi dakika tatu. Iwapo jibu linatia shaka, nta isubiri.

Wako watakaosema kwamba karatasi ukutani haizuii madhara. Ni kweli kwamba haizuii yote. Lakini karatasi ile inamwondolea fundi woga wa kuuliza, kwa kuwa sasa anauliza kwa amri ya leseni na si kwa udadisi wake. Inamwondolea na mteja haya ya kujibu, kwa kuwa anaona kwamba kila aliyekaa katika kiti kile ameulizwa hayo hayo. Na inamwondolea mwenye saluni kisingizio cha kusema kwamba hakujua.

Yule bibi harusi wetu amepona. Ngozi imerudi, ila limebaki doa jeusi juu ya mdomo ambalo daktari amemwambia litafifia kwa muda, bora asilichokoe na asilipeleke kwenye jua. Krimu ameiacha, kwa uangalizi wa daktari. Fundi naye bado yuko kazini, na tunaambiwa kwamba siku hizi hashiki kijiti kabla hajauliza. Amejifunza kwa gharama ya uso wa mtu mwengine. Jukumu letu sote, wananchi na viongozi, ni kuhakikisha kwamba fundi wa pili anajifunza kwa karatasi.